Kolesteroli: Namba moja kwenye karatasi ya maabara haitoshi

KARATASI ya majibu kutoka maabara huwa ndogo, nayo hukunjwa kwa urahisi ikatiwa mfukoni. Imechapishwa mistari minne au mitano tu: kolesteroli yote, HDL, LDL, trigliseridi na pengine uwiano wa namba hizo. Wengi wanaoipokea hutafuta jambo moja, iwapo kuna nyota au herufi iliyokolezwa kando ya namba yoyote. Wasipoiona hushusha pumzi na kwenda zao. Wakiiona, hupatwa na kiwewe.

Hata hivyo, wapo watu walioondoka maabarani na karatasi isiyo na nyota hata moja na bado wakaja kuangushwa na mshtuko wa moyo. Wapo pia walioanza kumeza vidonge kwa kuogopa namba ambayo, lau ingalisomwa vyema, haingaliwatia hofu. Kiini cha tatizo ni kuwa kipimo hiki huchukuliwa kama mtihani wa kupita au kuanguka, ilhali kazi yake ni kukadiria uwezekano wa jambo ambalo huenda likatokea miaka kumi au ishirini ijayo.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini kuziba kwa mishipa ya moyo mara nyingi hakutanguliwi na wingu lolote. Mishipa inayoupelekea moyo damu huanza kulimbikiza mafuta katika kuta zake tangu ujana, bila maumivu wala homa. Kwa wagonjwa wengi dalili ya kwanza huwa ni mshtuko wenyewe, na baadhi yao hawafiki hospitalini. Ndiposa kipimo cha damu kikathaminiwa, kwani ni mojawapo ya njia chache za kumtambua mwizi kabla hajavunja mlango.

Ili kuelewa kinachopimwa, ni vyema kukumbuka jambo linalojulikana na kila aliyewahi kuosha sufuria ya samli: mafuta na maji havichangamani. Damu kwa sehemu kubwa ni maji, na mafuta hayawezi kusafiri ndani yake yakiwa uchi. Kwa hivyo ini na utumbo huyafungasha katika chembechembe za mviringo zilizofunikwa kwa ganda lenye protini. Chembechembe hizo ndizo ziitwazo lipoprotini.

Mkazi wa Mombasa au Lamu anaweza kuzilinganisha na majahazi. Kolesteroli na trigliseridi ni shehena, lipoprotini ni jahazi, na protini iliyo kwenye ganda ni nahodha, maana ndiyo huamua jahazi litatia nanga katika gati lipi. Mlinganisho huu una manufaa kwa sababu makosa mengi katika kusoma majibu hutokana na kuhesabu shehena na kuyasahau majahazi.

Kolesteroli yenyewe si sumu. Mwili huitumia kujenga kuta za seli, kutengeneza homoni, vitamini D na chumvi za nyongo zinazosaidia kusaga mafuta tumboni. Isitoshe, sehemu kubwa ya kolesteroli iliyo mwilini hutengenezwa na mwili wenyewe, si kuletwa na sahani. Hii ndiyo sababu mtu mwembamba asiyegusa nyama anaweza kupatikana na kiwango cha juu, huku jirani yake mpenda nyama choma akiwa na kiwango cha kawaida.

Majahazi hayo yako ya aina kadhaa. Baada ya mlo, utumbo huachilia makubwa kuliko yote, kailomikroni, yaliyosheheni mafuta ya chakula. Ini nalo hutoa VLDL ambazo hubeba trigliseridi kuzipelekea misuli na akiba ya mafuta. Zikishapakua mzigo husinyaa, na nyingi huishia kuwa LDL, chembechembe ndogo zilizojaa kolesteroli. HDL ni ndogo zaidi na huchukua kolesteroli kutoka sehemu mbalimbali za mwili na kuirejesha kwenye ini.

LDL hulaumiwa kwa sababu ni ndogo kiasi cha kupenya ukuta wa mshipa, ni nyingi, na hukaa katika damu kwa siku kadhaa. Zikikwama ndani ya ukuta hubadilika, na chembe nyeupe za damu huzimeza hadi zikavimba kwa mafuta. Chembe hizo zikifa, hubaki uji wa mafuta uliofunikwa na utando. Utando huo ukipasuka, damu huganda juu yake kwa dakika chache na kuuziba mshipa. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikitegemea mshipa huo huanza kufa.

Majina haya ya herufi yana historia yake. Msweden Theodor Svedberg, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1926, alibuni mashine iliyozungusha vimiminika kwa kasi ya ajabu hadi vitu vilivyomo vikajipanga kulingana na msongamano wavyo. Robo karne baadaye, John Gofman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliitumia mashine ya aina hiyo kuchunguza damu ya binadamu. Gofman alikuwa daktari, lakini pia mwanakemia aliyeshughulikia plutoni wakati wa mradi wa bomu la atomiki. Mwaka wa 1950 yeye na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa mafuta ya damu hayakuwa kitu kimoja, bali makundi ya chembechembe zenye msongamano tofauti, na kwamba baadhi ya makundi hayo yalipatikana kwa wingi kwa watu waliougua moyo. LDL ni kifupisho cha lipoprotini zenye msongamano mdogo, na HDL ni zile zenye msongamano mkubwa.

Mashine ya Gofman ilikuwa ghali na ilichukua muda mrefu kumhudumia mgonjwa mmoja. Hospitali ya kawaida haingeweza kuimudu, na hata leo hakuna maabara ya mtaani inayopima mafuta ya damu kwa njia hiyo. Kinachofanyika ni njia ya mkato, na ni muhimu anayepimwa aielewe kwa kuwa namba ya LDL iliyo kwenye karatasi yake huenda haikupimwa kamwe. Ilikokotolewa.

Kazi huanzia mkononi mwa mhudumu wa maabara. Mgonjwa hutakiwa kuketi na kutulia kwa dakika chache, maana mtu anaposimama maji huhama kutoka katika mishipa na kuifanya damu ionekane nzito kuliko ilivyo. Mkanda wa mpira unaofungwa juu ya kiwiko nao usikazwe kwa muda mrefu. Ukiachwa kwa dakika kadhaa huku mhudumu akitafuta mshipa, kolesteroli itaonekana imepanda, ilhali hakuna kilichobadilika ila mkanda.

Damu iliyotolewa huachwa igande ndani ya neli, kisha neli huzungushwa katika mashine kwa takriban dakika kumi. Chembe nyekundu huzama na juu hubaki seramu, majimaji ya manjano. Mhudumu mwenye uzoefu huitazama kwa macho kwanza. Ikiwa nyeupe kama maziwa, anajua kuwa trigliseridi zimefurika. Zamani seramu ya namna hiyo iliachwa usiku kucha kwenye jokofu. Asubuhi, iwapo malai yalikuwa yameelea juu, ilijulikana kuwa ni kailomikroni za chakula, na iwapo ilibaki na ukungu kote, lawama ilikuwa ya VLDL kutoka kwenye ini.

Tone dogo la seramu huchanganywa na vimeng'enya vitatu. Cha kwanza huitenganisha kolesteroli na asidi ya mafuta iliyofungamana nayo. Cha pili huigeuza kolesteroli hiyo na katika kufanya hivyo huzalisha haidrojeni peroksaidi. Cha tatu huitumia peroksaidi kuunda rangi nyekundu. Mwali wa mwanga hupitishwa katikati yake, na kadiri rangi ilivyokolea ndivyo kolesteroli ilivyo nyingi. Trigliseridi hupimwa kwa mfuatano unaofanana na huo, ila vimeng'enya ni vingine.

Ili kuipata HDL, zamani zilitumiwa kemikali zilizozifanya LDL na VLDL kuganda na kuzama, kisha kolesteroli iliyobaki ikapimwa. Tangu miaka ya tisini, maabara nyingi hutumia kemikali zinazoziacha HDL peke yake zifikiwe na vimeng'enya, bila haja ya kuzamisha chochote.

Kufikia hapo maabara ina namba tatu za kweli: kolesteroli yote, trigliseridi na HDL. Ya nne hutokana na hesabu iliyochapishwa mwaka wa 1972 na William Friedewald, Robert Levy na Donald Fredrickson wa Marekani, baada ya kuchunguza damu ya watu 448. Waligundua kuwa kiasi cha kolesteroli kilicho ndani ya VLDL kinaweza kukisiwa kwa kugawanya trigliseridi. Palipotumika milimoli kwa lita, kigawanyo ni 2.2, na kwa miligramu kwa desilita ni 5. Hivyo, ukitoa HDL na kisio hilo kutoka kwa kolesteroli yote, kinachobaki ni LDL.

Hesabu hiyo ndogo imebeba uzito mkubwa kwa zaidi ya nusu karne, na kwa watu wengi hufanya kazi vizuri. Lakini waandishi wake wenyewe waliionya dunia kuwa haifai pale trigliseridi zinapopita miligramu 400 kwa desilita, yaani takriban milimoli 4.5 kwa lita. Pia hupotoka LDL inapokuwa chini sana, jambo ambalo mwaka wa 1972 halikumsumbua mtu kwa kuwa dawa za kuifikisha huko hazikuwapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha hesabu iliyoboreshwa mwaka wa 2013, ambapo kigawanyo hubadilika kulingana na damu ya kila mtu. Maabara zinazoitumia zimeongezeka, lakini karatasi nyingi hazisemi ni hesabu ipi iliyotumika.

Chukua mfano wa wanaume wawili wa kubuni, wote wa umri wa miaka 52, seremala wa Nyeri na karani wa Kisumu. Kila mmoja amepatikana na kolesteroli yote ya milimoli 5.6. Seremala ana HDL ya 1.9 na trigliseridi 0.88. Karani ana HDL ya 0.8 na trigliseridi 3.3. Ukigawanya trigliseridi za seremala kwa 2.2 unapata 0.4, na 5.6 ukitoa 1.9 na 0.4 inabaki 3.3. Za karani zinakuwa 1.5, na 5.6 ukitoa 0.8 na 1.5 pia inabaki 3.3.

Kolesteroli yao ni sawa na LDL yao ni sawa. Anayetazama mistari hiyo miwili pekee atawaambia maneno yale yale, naye atakuwa amekosea.

Tofauti inajitokeza kwa kutoa HDL kutoka kwa kolesteroli yote, hesabu isiyohitaji hata kikokotoo. Seremala anabaki na 3.7, karani anabaki na 4.8. Namba hiyo hujumlisha kolesteroli iliyomo katika chembechembe zote zinazoweza kupenya ukuta wa mshipa, si LDL peke yake. Haigharimu chochote zaidi, haitegemei kisio la Friedewald na haihitaji mtu kufunga kula. Ni ajabu kwamba karatasi nyingi bado haziichapishi.

Kuna jambo lingine kuhusu karani huyo. Kwa watu wenye trigliseridi nyingi na HDL kidogo, hali inayoandamana mara kwa mara na kitambi na kisukari, chembechembe za LDL huwa ndogo ndogo na kila moja hubeba kolesteroli kidogo. Hivyo shehena ile ile ya 3.3 imegawanywa katika majahazi mengi zaidi, na kila jahazi ni nafasi nyingine ya kugonga ukuta wa mshipa.

Majahazi yanaweza kuhesabiwa. Kila chembe ya LDL na kila chembe ya VLDL ina molekuli moja tu ya protini iitwayo apolipoprotini B, haizidi wala haipungui. Kuipima protini hiyo ni sawa na kuhesabu manahodha bandarini. Mwaka wa 2004, utafiti uitwao INTERHEART, ulioongozwa na Salim Yusuf wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, ulilinganisha takriban watu 15,000 waliopata mshtuko wa moyo na idadi inayokaribia hiyo ya wasiougua, katika nchi 52, Kenya ikiwemo. Uwiano wa protini hiyo na ile ya HDL uliibuka kuwa miongoni mwa vigezo vilivyoonyesha hatari kwa nguvu zaidi, pamoja na uvutaji sigara. Kipimo hicho hufanywa na baadhi ya maabara kubwa, lakini si sehemu ya kifurushi cha kawaida.

Kuhusu HDL, imani ya miaka mingi imelazimika kurekebishwa. Uchunguzi wa mji wa Framingham, Massachusetts, ulioanza mwaka wa 1948 na watu 5,209, ulionyesha katika miaka ya sabini kuwa wenye HDL kidogo huugua moyo zaidi, na ndipo jina la kolesteroli nzuri likashika. Kampuni za dawa zilifikiri kuipandisha kungeokoa maisha. Mnamo Desemba 2006, majaribio makubwa ya dawa ya torcetrapib yalisimamishwa baada ya kubainika kuwa waliokuwa wakiimeza walikuwa wakifa kwa wingi kuliko wasioimeza, licha ya HDL yao kupanda sana. Tafiti za jeni zilizofuata zilionyesha kuwa kurithi HDL ya juu peke yake hakumkingi mtu na mshtuko wa moyo. HDL kidogo imebaki kuwa ishara ya hatari, lakini anayejivunia HDL ya juu asidhani imefuta madhara ya LDL yake.

Kwa LDL, ushahidi umeelekea upande mmoja. Mwaka wa 1985 Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Texas, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua gati ambapo LDL hutia nanga kwenye ini. Watu waliozaliwa na upungufu wa magati hayo hubaki na LDL nyingi katika damu tangu utotoni, na huugua moyo mapema. Hali hiyo ya kurithi humpata takriban mtu mmoja kati ya 250 hadi 300 duniani, na kwa Makaburu wa Afrika Kusini, ambao wengi wao ni uzao wa walowezi wachache, ni ya kawaida zaidi. LDL inayofikia milimoli 4.9 au zaidi bila sababu nyingine humfanya daktari aishuku, hasa penye uvimbe mgumu kwenye kano za kisigino.

Ushahidi wa upande wa pili ulitoka kwa watu wenye asili ya Afrika. Helen Hobbs na Jonathan Cohen, pia wa Dallas, walipata kuwa baadhi ya Wamarekani weusi walirithi hitilafu katika jeni iitwayo PCSK9, ambayo kazi yake ni kuyapunguza magati ya ini. Matokeo yao ya mwaka wa 2006 yalionyesha kuwa waliokuwa na hitilafu hiyo, asilimia 2.6 ya watu weusi waliochunguzwa, walikuwa na LDL ya chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulipungua kwao kwa asilimia 88. Mwaka uliofuata iliripotiwa kuhusu mwanamke wa Zimbabwe wa umri wa miaka 21 aliyerithi hitilafu hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili. LDL yake ilikuwa takriban milimoli 0.4 kwa lita, kiwango ambacho maabara nyingi zingedhani ni kosa la mashine, naye alikuwa mzima na amejifungua salama.

Simulizi hizo mbili zinatoa funzo ambalo halionekani kwenye karatasi: kinachoumiza si kiwango cha leo pekee, bali kiwango kikizidishwa kwa miaka. LDL ya chini kiasi kwa maisha yote iliwakinga watu wale kuliko vidonge vinavyoanzwa uzeeni.

Afrika Mashariki nayo ina nafasi katika masimulizi haya. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, A. G. Shaper wa Makerere aliwachunguza Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya, naye George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, akawapima wanaume 400 wa Kimaasai huko Tanganyika. Wafugaji hao waliishi kwa maziwa na nyama, na bado kolesteroli yao ilikuwa ya chini. Hadi leo kuna wanaoutaja utafiti huo kama idhini ya kula mafuta bila kipimo. Wachache hutaja kwamba mwaka wa 1972 Mann mwenyewe aliripoti uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai waliofariki: utando wa mafuta ulikuwemo katika mishipa yao, ila mishipa ilikuwa imepanuka kiasi kwamba damu ilipita. Mann alilihusisha hilo na kutembea kwao mwendo mrefu kila siku. Karani anayeketi ofisini mchana kutwa na kupanda matatu jioni hawezi kuazima mishipa ya moran.

Swali linaloulizwa sana kwenye foleni ya maabara ni iwapo ni lazima kulala na njaa. Kwa miongo mingi wagonjwa waliagizwa wasile kwa saa 9 hadi 12. Denmark iliachana na sharti hilo mwaka wa 2009, na mwaka wa 2016 wataalamu wa Ulaya walikubaliana kuwa kwa kipimo cha kawaida si lazima, kwani chakula cha kawaida hubadilisha kolesteroli kidogo sana. Trigliseridi ndizo hupanda. Zikipita milimoli 5 kwa aliyekula, hupimwa tena akiwa hajala. Zikizidi 10, hofu ya kwanza ya daktari si moyo tena bali kongosho, ambalo linaweza kuvimba ghafla na kuhatarisha maisha. Hata hivyo, maabara nyingi bado hushikilia agizo la zamani, na anayeambiwa afunge hapotezi kitu kwa kutii, ila mwenye kisukari anayetumia insulini anapaswa kuzungumza na daktari wake kwanza.

Namba hupanda na kushuka bila mtu kubadili chochote. Damu ya mtu mmoja iliyopimwa wiki mbili mfululizo inaweza kutofautiana kwa asilimia kadhaa, na ndiyo maana mabadiliko kutoka 5.1 hadi 5.3 si habari. Ujauzito huipandisha kolesteroli. Maambukizi makali na upasuaji huishusha, na hata mshtuko wa moyo wenyewe huishusha baada ya siku moja hivi, kiasi kwamba aliyelazwa anaweza kuonekana ana mafuta ya kawaida katika wiki ile ile aliyoponea chupuchupu. Tezi ya shingo inayofanya kazi kwa ulegevu huipandisha LDL, na aliyetibiwa tezi huenda asihitaji dawa ya kolesteroli.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakihitaji kurudiwa. Mwaka wa 1963 Kåre Berg wa Norway aligundua aina ya LDL iliyofungiwa protini ya ziada, ikaitwa lipoprotini (a). Kiwango chake huamuliwa na jeni, na chakula wala mazoezi hayakibadilishi kwa kiasi cha maana. Wataalamu wa Ulaya walipendekeza mwaka wa 2022 kila mtu mzima apimwe angalau mara moja maishani. Kwa wastani watu wenye asili ya Afrika wana kiwango cha juu kuliko Wazungu, hivyo mpaka uliochorwa kwa damu ya Wazungu unapaswa kusomwa kwa tahadhari. Mwenye kiwango cha juu hana cha kukishusha kwa mlo, ila anapata sababu ya kuwa mkali zaidi kwa hatari nyingine alizo nazo.

Hapo ndipo karatasi ya maabara inapopaswa kuungana na mambo mengine. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka wa 2019 chati mpya za kukadiria hatari, zilizogawanywa kwa maeneo 21, na nchi za mashariki mwa Afrika zina chati yao. Umri, jinsia, sigara, kisukari, shinikizo la damu na kolesteroli yote huwekwa pamoja, na mraba unaopatikana, kuanzia kijani hadi nyekundu iliyoiva, huonyesha uwezekano wa mshtuko wa moyo au kiharusi katika miaka kumi. Chati hizo ni za walio kati ya miaka 40 na 74 ambao hawajawahi kuugua hayo. Kwa zahanati isiyo na maabara kuna nyingine inayotumia uzito na kimo badala ya kolesteroli, jambo linaloonyesha ni kwa kiasi gani hatari husomeka hata kabla ya sindano.

Kundi moja halionekani vyema kwenye chati hizo, nalo ni watu wanaoishi na virusi vya HIV. Virusi vyenyewe huchochea mishipa, na baadhi ya dawa za zamani zilipandisha trigliseridi. Utafiti wa REPRIEVE, uliohusisha watu 7,769 katika nchi 12, Uganda ikiwemo, ulisitishwa mapema mwaka wa 2023 kwa sababu waliopewa statini walipata matatizo makubwa ya moyo na mishipa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 35, ilhali LDL ya wengi wao haikuwa ya kutisha walipoanza.

Statini, kundi la dawa lililotokana na kazi ya Mjapani Akira Endo katika miaka ya sabini, hulifanya ini litengeneze kolesteroli kidogo na kuongeza magati ya kunasa LDL. Katika utafiti wa nchi za Skandinavia wa mwaka wa 1994, uliowahusisha wagonjwa wa moyo 4,444, vifo vilipungua kwa asilimia 30. Majumuisho ya majaribio mengi yameonyesha kuwa kila LDL inaposhuka kwa milimoli 1, mishtuko ya moyo na viharusi hupungua kwa takriban asilimia 22. Kwa mtu ambaye hatari yake ni 30 kati ya 100, huko ni kuokolewa kwa wengi. Kwa ambaye hatari yake ni 2 kati ya 100, ni manufaa madogo kwa kidonge cha kila siku, na ana haki ya kuuliza kama anakihitaji.

Kwa hivyo seremala wa Nyeri, iwapo havuti sigara na shinikizo lake la damu ni la kawaida, huenda akaambiwa arudi kupimwa baada ya miaka michache. Karani wa Kisumu hawezi kujibiwa bado. Kabla daktari hajaamua lolote anahitaji kujua sukari yake, shinikizo la damu yake, mzunguko wa kiuno chake, kama anavuta sigara au kunywa pombe, na kama babake au ndugu yake aliugua moyo akiwa na umri mdogo. Hakuna hata moja kati ya hayo lililochapishwa kwenye karatasi aliyoikunja mfukoni.